Asili ya Raga ya Viti vya Magurudumu

Shingo ya mwanadamu imejengwa kwa pingili saba. Ndani ya tundu la pingili hizo hupita ugwe mororo wa neva, unene wake kama kidole cha mwisho, na kwa ugwe huo ubongo hupeleka amri zake kwa mikono, kifua, tumbo na miguu. Mtu akianguka kutoka mtini, au akijitupa kichwa mbele katika maji haba, au gari lake likipinduka, pingili moja huweza kuvunjika na kuuponda ugwe ule. Ikiwa iliyovunjika ni pingili ya mgongo wa chini, miguu hufa lakini mikono hubaki na nguvu zake zote. Ikiwa ni ya shingo, mikono nayo hupata hasara. Bega hubaki na nguvu. Kiwiko hukunjika lakini pengine hakikunjuki. Vidole hukaa wazi au nusu wazi, wala havitii amri ya kufumba. Tafadhali, msomaji, ishike tofauti hii kati ya mgongo na shingo, kwa maana habari yote nitakayokusimulia imetoka ndani yake.

Kwa karne nyingi tofauti hiyo haikuwa na maana kubwa, kwa sababu wote wawili walikufa. Mwaka wa 1917, katika mji wa Königshütte, ambao siku hizo ulikuwa wa Ujerumani na leo umo katika nchi ya Polandi, kijana mmoja aliyekuwa akitumika hospitalini kwa hiari yake alimwona mchimba makaa ya mawe akiletwa na mgongo uliovunjika. Mchimba makaa alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye afya. Kijana alipotaka kuandika habari za ugonjwa wake aliambiwa asijisumbue, maana mtu huyo hakuwa na maisha zaidi ya wiki chache. Ikawa kama walivyosema. Hakuuawa na mgongo wenyewe, bali na vidonda vya kulala upande mmoja na sumu iliyoingia katika damu yake.

Kijana yule aliitwa Ludwig Guttmann. Alisomea utabibu, akawa bingwa wa maradhi ya neva katika mji wa Breslau. Alikuwa Myahudi, na utawala wa Hitler ulipomfungia milango ya kazi na kutishia uhai wake, alikimbilia Uingereza mwaka wa 1939 pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Mwezi wa Februari 1944 serikali ya Uingereza ilimkabidhi wadi za waliovunjika mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, kwa kuwa vita vilikuwa vikileta majeruhi wa namna hiyo kwa wingi. Guttmann hakuwa amemsahau mchimba makaa. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila ya kukosa. Amri hiyo ni ndogo sana kuisoma, lakini wauguzi walioitekeleza waliwaokoa watu ambao madaktari wakubwa walikuwa wamekwisha kuwakatia tamaa.

Amri yake ya pili ilikuwa michezo. Wahenga wetu walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Guttmann aliamini jambo hilohilo kwa njia ya kitabibu: mtu aliyelala akitazama dari huoza mwili na moyo pamoja, lakini mtu mwenye mshindani hupata sababu ya kuamka. Wagonjwa walianza kwa kucheza polo juu ya viti vyao, wakikipiga kibao kwa fimbo. Mchezo huo ulikuwa wa vishindo na kugongana, ukaonekana kuwa wa hatari, ukaachwa. Mahali pake pakawekwa mpira wa pete, ambao ni wa upole zaidi. Polo ile ilisahauliwa, lakini vishindo vyake tutakutana navyo tena mbele.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, Guttmann aliwakusanya wachezaji 16, wanaume 14 na wanawake 2, washindane kupiga mishale katika uwanja wa hospitali. Miaka minne baadaye walikuja Waholanzi, na mashindano yakawa ya mataifa. Mwaka wa 1960 wachezaji 400 kutoka nchi 23 walikutana Roma, na mkutano huo ndio unaohesabiwa leo kuwa Michezo ya kwanza ya Paralimpiki. Kenya iliingia kwa mara ya kwanza mwaka wa 1972, Michezo ilipofanyika Heidelberg katika Ujerumani. Mwaka huohuo ndipo waliovunjika shingo walipowekewa mashindano yao wenyewe kwa mara ya kwanza.

Yaangalie makadirio hayo. Tangu mishale ya 1948 hadi Heidelberg ilipita miaka 24. Katika muda huo wote waliotamba katika viwanja vya walemavu walikuwa hasa wale wenye mikono mizima. Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu, ambao askari wa Marekani waliojeruhiwa vitani walianza kuucheza mwaka wa 1946. Ni mchezo mzuri, wala sina neno baya juu yake. Lakini pete ya kikapu iko juu mita 3.05 kutoka sakafuni, na hapo hapana huruma. Mtu asiyeweza kufumba vidole huupokea mpira kwa shida. Mtu asiyeweza kukunjua kiwiko kwa nguvu hawezi kuufikisha mpira kule juu. Aliyevunjika shingo aliweza kuandikwa katika orodha ya timu, akavaa fulana yenye nambari, akasafiri na wenzake. Lakini uwanjani kazi yake ilikuwa kukaa njiani mwa adui, na mara nyingi zaidi kukaa pembeni na kupiga makofi. Hata hayo makofi viganja vyake havikulia.

Basi michezo iliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliofungiwa nje, nayo ilikuwa na watu wake wa nje. Sisemi hivyo kwa kulaumu, kwani hapana aliyekusudia. Mambo ya namna hii hutokea kila mahali pasipokuwa na mtu wa kuuliza nani hayupo.

Waliouliza ni vijana watano wa Winnipeg, mji mkuu wa jimbo la Manitoba katika Kanada. Majina yao yafaa kuandikwa: Duncan Campbell, Jerry Terwin, Randy Dueck, Paul LeJeune na Chris Sargent. Wote walikuwa na udhaifu wa mikono na miguu. Campbell alivunjika shingo alipopiga mbizi, akiwa na umri wa miaka 17. Winnipeg ni mji wa tambarare wenye baridi kali, ambako theluji hufunika nchi kwa miezi mingi, na mtu wa kiti cha magurudumu hana pa kwenda kujinyoosha viungo ila ndani ya ukumbi. Vijana hawa walikuwa wakikutana kunyanyua vyuma kwa msaada wa watu wa kujitolea. Jioni moja, kama Campbell alivyosimulia baadaye, wasaidizi hawakutokea. Hapakuwa na wa kuwawekea vyuma. Wakachukua mpira wa wavu, wakaanza kutupiana, wakaanza kukimbizana, na mara viti vikaanza kugongana. Wakaona raha. Wengine huandika kwamba mwaka ulikuwa 1976 na wengine 1977. Mambo yanayoanza kwa mchezo wa jioni hayana cheti cha kuzaliwa.

Jambo la kutazama ni namna walivyotunga sheria. Hawakuuliza, "Mchezo wa wazima tuupunguze vipi ili tuuweze?" Waliuliza, "Mwili huu tulio nao waweza nini?" Mwili wao hauwezi kurusha juu, basi wakaondoa kikapu kabisa, na bao likawa kuvuka mstari wa mwisho. Vidole havifumbi, basi mpira waliochagua ni wa ukubwa wa ule wa wavu, mwepesi, nao hubebwa mapajani. Mkono una nguvu za kusukuma gurudumu kwa kiganja na kisigino cha mkono; basi mbio na kugongana vikawa ndio moyo wa mchezo. Kutoka mpira wa kikapu waliazima uwanja, urefu mita 28 na upana mita 15, wenye sakafu ya mbao. Kutoka magongo ya barafuni, ambayo kila mtoto wa Kanada huyajua, waliazima vishindo na ile desturi ya kumtoa mkosaji akae kizuizini kwa dakika moja wakati wenzake wakipigana pungufu.

Wewe unayecheza raga shuleni huenda ukastaajabu kusikia kwamba mpira huruhusiwa kutupwa mbele. Jina la raga lilikuja baadaye, kwa sababu ya kule kuubeba mpira hadi mstari wa mwisho na kwa sababu ya vishindo. Kila timu huweka wachezaji wanne uwanjani. Lango ni mstari wa mita 8 kati ya koni mbili, na bao huhesabiwa magurudumu mawili ya mwenye mpira yanapouvuka. Mwenye mpira lazima audundishe au ampe mwenzake kabla ya sekunde 10 kwisha. Timu lazima ivuke nusu ya uwanja kwa sekunde 12 na ifunge kwa sekunde 40. Mchezo una vipindi vinne vya dakika 8, na saa husimama kila mpira unaposimama. Kiti kukigonga kiti ni halali, hata kikipinduka. Kuugusa mwili wa mtu ni kosa, na kumgonga adui nyuma ya ekseli ya gurudumu lake ili azunguke ovyo ni kosa pia. Kiti kinapopinduka, mwenyewe hujilalia pale sakafuni amefungwa kwa mikanda, akingoja watu waingie kumwinua, aghalabu akicheka au akimtukana aliyempindua.

Nimefika sasa kwenye jambo lililonifanya niuone mchezo huu kuwa na haki ya kuandikwa katika kitabu cha historia, yaani hesabu yake. Kila mchezaji hupimwa na wataalamu. Huzipima misuli za bega, kiwiko, kifundo cha mkono, vidole na kiwiliwili, kisha humtazama akicheza. Baadaye humpa alama, kuanzia nusu alama kwa mwenye udhaifu mkubwa kabisa, hadi alama tatu na nusu kwa mwenye nguvu nyingi. Kati ya hizo mbili kuna daraja kila baada ya nusu alama, na jumla ya madaraja ni saba. Na sheria yasema: wachezaji wanne walio uwanjani, alama zao zikijumlishwa, zisizidi nane.

Hebu twaa kalamu ujaribu. Kocha mwenye tamaa ataka kuwaweka majabali wawili wa alama tatu na nusu. Amekwisha kutumia saba. Imebaki moja, na nafasi mbili. Hana budi kuwaweka wawili wa nusu alama. Kadiri anavyotaka wenye nguvu zaidi, ndivyo anavyolazimika kuwachukua wanyonge zaidi. Mwingine aweza kuweka wanne wa alama mbili mbili. Mwingine ataweka tatu, mbili na nusu, moja na nusu, na moja. Lakini kocha yeyote atakayewadharau wa nusu alama atajikuta hawezi kuwatumia majabali wake. Nimesoma habari za nchi nyingi na sheria nyingi zilizotungwa kwa nia ya kuwapa wanyonge nafasi. Chache zimelifanya jambo hilo bila ya kuomba huruma ya mtu kama hii.

Wala usidhani kwamba mwenye nusu alama huwekwa ili kujaza nafasi. Huenda asiuguse mpira hata mara moja katika mchezo mzima, na pengine yeye ndiye aliyeushinda. Siri iko katika viti. Hivi si viti vya hospitali. Magurudumu yake yameinamishwa, juu yakikaribiana na chini yakitengana, ili kiti kigeuke upesi na kisipinduke kwa urahisi; spoki zimefunikwa kwa sahani za madini ambazo baada ya msimu mmoja hubonyea kama sufuria iliyopigwa mawe. Kiti cha mshambuliaji kina mabawa ya chuma pande za mbele, ili asinaswe. Kiti cha mlinzi, na huyo ndiye mwenye alama chache, kina chuma kirefu kilichotokeza mbele kama pembe ya faru. Kazi ya pembe hiyo ni kuingia katika kiti cha adui na kumshika hapo. Jabali wa alama tatu na nusu, mwenye mabega ya mchukuzi wa bandarini, akisha kunaswa na mtu ambaye hawezi kujifunga vifungo vya shati, hana ujanja. Atavuta, atarudi nyuma, atageuka huku na huku, na sekunde zitakwenda. Mwenye nusu alama hushinda kwa kuona mapema: husoma njia ya adui kabla adui hajaipita, akatangulia kufika pale pembamba. Watazamaji wapya hutazama mpira. Waliouzoea mchezo hutazama vile viti viwili vilivyonasana mbali na mpira, kwa kuwa bao linaamuliwa huko.

Wachezaji wengi hawa hawatoki jasho, kwani ugwe wa shingo ukiharibika, mwili hupoteza pia amri ya kujipoza. Kwa hiyo saa inaposimama utawaona wasaidizi wakikimbia na chupa za maji, wakiwanyunyizia usoni na shingoni kama mtu anyunyiziaye mboga. Mikononi huvaa glavu, tena hupaka gundi, ili kiganja kishike gurudumu pasipo vidole.

Wale watano wa Winnipeg waliuita mchezo wao "Murderball", yaani mpira wa mauaji. Lilikuwa jina la vijana, na lilikuwa na shabaha yake: watu waliokwisha kuchoka kusemeshwa kwa sauti ya kubembeleza walichagua neno ambalo hakuna mtu awezaye kulitamka kwa kubembeleza. Lakini halikuwa jina la kupeleka kwa matajiri kuomba fedha za safari. Mchezo ulionyeshwa Marekani mwaka wa 1979, katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Minnesota. Mwaka wa 1981 Brad Mikkelsen alianzisha timu ya kwanza ya nchi hiyo kwa msaada wa Chuo Kikuu cha North Dakota, na mwaka uliofuata timu za nchi hizo mbili zilishindana. Wamarekani waliuita raga ya waliopooza viungo vinne, na mwishowe dunia ikakubaliana juu ya jina la raga ya viti vya magurudumu. Jina la zamani lilirudi kidogo mwaka wa 2005, lilipowekwa juu ya filamu ya Kimarekani iliyowaonyesha wachezaji hao wakigombana, wakinywa, wakitongoza na kuoneana wivu kama watu wengine wote. Filamu hiyo iliingizwa katika mashindano ya tuzo ya Oscar, na watu wengi waliisikia raga hii kwa mara ya kwanza kwa sababu yake.

Mwaka wa 1989 timu za Kanada, Marekani na Uingereza zilikutana Toronto katika mashindano ya kwanza ya mataifa. Mwaka wa 1990 mchezo ulionyeshwa Stoke Mandeville. Naona hapo historia ilifanya mzaha: katika uwanja uleule ambapo polo ya viti iliachwa kwa kuwa ni ya vishindo, vishindo vilirudi vikiwa vikubwa mara mbili, tena vimeletwa na watu dhaifu zaidi kuliko wale wa kwanza. Guttmann hakuviona, maana alikufa mwaka wa 1980. Shirikisho la mataifa liliundwa mwaka wa 1993 na nchi saba. Mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika Nottwil katika Uswisi mwaka wa 1995. Na mwaka wa 1996 raga iliingia Atlanta katika Michezo ya Paralimpiki, kama mchezo wa maonyesho. Sydney, mwaka wa 2000, ilitolewa medali kamili, na Marekani iliishinda Australia kwa mabao 32 kwa 31.

Bao moja! Fainali nyingine ya namna hiyo ilikuwa ya Rio mwaka wa 2016. Nchi zilikuwa hizohizo mbili. Muda ulikwisha wakiwa sawa, wakaongezewa, wakabaki sawa, wakaongezewa mara ya pili, na Australia ikashinda kwa 59 kwa 58. Katika timu ya Australia alikuwamo Ryley Batt, ambaye alizaliwa hana miguu, na vidole vyake vilikuwa vimeshikana. Mpaka umri wa miaka 12 alikikataa kiti cha magurudumu, akaenda kila mahali kwa ubao wenye magurudumu kama watoto wa mitaani, kwa sababu kiti kwake kilikuwa ni alama ya ulemavu. Kisha raga hii ilionyeshwa shuleni kwake, na kiti kikageuka kuwa kitu cha kugongea watu. Miaka michache baadaye, akiwa wa miaka 15, aliichezea nchi yake katika Michezo ya Athens ya 2004.

Lakini Batt na wenzake wa namna yake wameleta mashaka katika mchezo. Ulitungwa kwa ajili ya waliovunjika shingo. Baadaye mlango ulifunguliwa kwa wengine wenye udhaifu wa viungo vyote vinne: waliokatwa mikono na miguu, waliozaliwa bila viungo kamili, wenye maradhi ya neva. Wengi wa hao wana kiwiliwili chenye nguvu, na kiwiliwili chenye nguvu ni mali kubwa katika mchezo wa kugongana. Baadhi ya wazee wa mchezo hunung'unika kwamba nyumba waliyojijengea kwa sababu ya kukosa nyumba inachukuliwa na wageni wenye mabega mapana. Naona manung'uniko hayo yana haki kiasi. Mwenye nusu alama hayumo hatarini, kwa kuwa hesabu ya nane humlinda. Kila jabali anayeingia huja na haja ya mnyonge wa kumsawazisha. Anayebanwa ni yule wa katikati, wa alama moja na nusu au mbili, ambaye hana nguvu za kutosha kuwa jabali wala udhaifu wa kutosha kuwa nafuu katika hesabu. Na huyo, mara nyingi, ndiye aliyevunjika shingo hasa, mfano wa wale watano. Sheria iliyo bora haiachi kuwa na mtu anayeanguka kati ya vidato vyake.

Wanawake na wanaume hucheza pamoja katika timu moja. Kila mwanamke aingiapo uwanjani, timu yake huongezewa nusu alama juu ya zile nane. Kwa muda mrefu walikuwa wachache mno. Mwingereza Kylie Grimes alikuwa mwanamke wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Paralimpiki katika raga hii, katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021.

Ushindi huo wa Waingereza una kisa chake. Katika Rio walikuwa wa tano. Kisha taasisi inayogawa fedha za michezo nchini mwao ikawakatia fungu lao lote, kwa kuwa haikuona dalili ya medali. Timu ilibaki ikiomba michango ili ipate nauli na vipuri vya viti. Baadaye ilirudishiwa sehemu tu ya msaada. Miaka mitano baada ya kuhukumiwa hivyo iliishinda Marekani kwa 54 kwa 49 katika fainali. Wenye kugawa fedha hupenda kuuliza, kabla ya kutoa, kama kuna matumaini. Swali hilohilo liliulizwa mwaka wa 1917 juu ya mchimba makaa, na jibu lilikuwa rahisi vilevile.

Paris, mwaka wa 2024, katika ukumbi uliojengwa karibu na mnara wa Eiffel, Japani iliishinda Marekani kwa 48 kwa 41 na kupata dhahabu yake ya kwanza, baada ya kuambulia shaba mara mbili mfululizo. Ukizipitia medali zote zilizotolewa tangu Sydney hadi Paris, utaona kwamba zimegawanywa kati ya nchi sita tu: Marekani, Australia, Nyuzilandi, Kanada, Uingereza na Japani. Hapana nchi ya Afrika. Shingo huvunjika huku kwetu kama huko, kwa kuanguka minazini na miembeni na kwa ajali za barabarani. Tofauti iko kwanza katika uuguzi, yaani ile amri ya saa mbili, ambayo yahitaji wauguzi na vitanda. Pili iko katika kiti. Kiti cha raga hutengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mtu mmoja, na bei yake ni maelfu ya dola. Kiti cha kawaida hakiwezi kustahimili mapigo ya msimu mmoja wa mashindano ya leo. Hata hivyo ni viti vya kawaida, vile walivyovikalia kila siku, ambavyo wale watano wa Winnipeg walivigonganisha jioni ile, na ndivyo walivyopanda kurudi navyo nyumbani.